Nani Amekusikiliza?

Cheti kilikuwa kizuri, tusidanganyane. Karatasi nzito, mhuri mwekundu, na katikati, kwa herufi za madaha, jina lake: Sumaiya Sefu, Stashahada ya Tiba. Farhan, mtoto wa mama yake mdogo, alikitandaza mezani kwa ncha za vidole.

"Jumatatu tunafungua zahanati," alisema. "Ukunda, kando ya barabara, rangi imeshapakwa. Kijiji kizima cha Munje kinakuita daktari, dada. Sasa na karatasi ikuite."

Sumaiya alicheka kwa furaha mpaka akalazimika kukaa. Alijua kwamba hajawahi kukanyaga chuo kilichoandikwa pale juu. Alijua pia kwamba elimu yenyewe anayo kichwani, na hilo la pili ndilo lililompigia kelele zaidi.

Na kweli alikuwa nayo. Alianza na kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti ya dawa ya mkwewe, ambacho wengine wetu hukitupa bila kukifungua. Akakisoma, akakutana na neno asilolijua, akalitafuta kwenye simu, likamwongoza kwa jingine, na basi tena. Miaka ikaenda hivyo. Mume yuko Diani anapika hotelini, watoto wako shule, yeye anamenya muhogo huku simu imeegemezwa kwenye chungu na profesa wa nchi ya mbali anafundisha mapafu. Alibandika ukutani picha ya mifupa ya mtu, mkwewe akahamisha kitanda ili asiwe anaamka na kutazamana nayo. Kitu kimoja hakukifanya: hakumgusa mtu wala hakumpa mtu dawa. Waliomjia aliwaeleza anachodhani, kisha akawatuma hospitali, na wengi walirudi wakisema mambo ni vile vile alivyosema.

Basi siku ile alivaa buibui, akatia cheti mkobani, akaenda kwa mjomba wake, Maalim Ubeid, kuombewa dua kabla ya kuanza kazi. Maalim alikuwa ndio kwanza amewaruhusu wanafunzi wa madrasa. Alikisoma cheti chote bila haraka, kisha akauliza kwa upole:

"Nani amekusikiliza?"

"Una maana gani, mjomba?"

"Mimi hapa simruhusu mtu kufundisha juzuu ambayo hajanisomea, hata kama ameihifadhi yote. Na mimi nilimsomea mwalimu wangu, naye akamsomea wake. Hiyo ndiyo ijaza, mwanangu. Mtu ajuaye amekusikiliza, na sasa yuko nyuma yako. Ukikosea, wanajua pa kwenda kuuliza. Hapa nyuma yako yuko nani?"

Mwingine angenuna. Sumaiya alizidi kuchangamka. Kusikilizwa tu? Hilo lilikuwa jepesi mno. Alimbusu mjomba wake mkono, akatoka mbio, na saa sita haijafika alikuwa Msambweni, mlangoni kwa Sista Eunice, muuguzi mstaafu, mwenyeji wa Samburu, ambaye wauguzi wengi wa pwani hii walifundishwa naye huku wakitetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa?"

"La, nimejileta mwenyewe. Nataka unisikilize."

Sista Eunice alimtazama juu mpaka chini, akaweka kando mchele aliokuwa akiuchagua, akaanza. Moyo una vyumba vingapi na damu inapita vipi? Sumaiya alijibu. Sukari ikishuka, mtu anakuwaje? Alijibu. Mtoto anayeharisha utajuaje kwamba maji yanamwishia mwilini? Alijibu, na akaongeza lile ambalo Sista Eunice alikuwa hajaliuliza bado. Uso ulimwaka. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maswali haya, na utamu wake ulimpanda kichwani.

"Ini liko wapi?"

"Upande wa kulia, chini ya mbavu."

"Nionyeshe langu."

Mama yule alikaa kitini akimwelekea. Sumaiya alinyoosha mkono bila kusita, akaugandamiza ubavu wa kushoto wa Sista Eunice.

"Ahaa," alisema Sista Eunice. "Na mwenye kidole tumbo, maumivu utayatafuta wapi?"

"Kulia, chini ya kitovu." Mkono ukaenda tena kushoto.

"Mwanangu, mimi nimehamishwa viungo lini?"

Sumaiya aliutazama mkono wake kama si wake. Ndipo akakikumbuka kioo cha kabati. Kwa kuwa hakumgusa mtu, alijifunzia mwili wake mwenyewe mbele ya kioo, na mtu wa kioo ini lake huonekana mkono wa kulia wa anayetazama. Mtu wa kweli akikaa mbele yako, ini lake liko mkono wako wa kushoto. Mdomo ulikuwa umesoma sawasawa, mkono ulikuwa umesoma kinyume, na hapakuwa na wa kuuambia.

Alimwona mgonjwa wa Jumatatu, mwenye kidole tumbo kinachokaribia kupasuka, akibonyezwa upande usiouma na kurudishwa nyumbani na vidonge vya gesi. Akakitoa cheti, akakichana vipande vinne palepale, akampigia Farhan simu akamwambia atafute mwingine, mtu aliyefundishwa kweli. Farhan aling'aka, akabembeleza, akakata simu.

"Kidato cha nne ulipata nini?" aliuliza Sista Eunice.

"C, mama."

"Inatosha kuomba chuo cha kweli. Utakaa darasani na watoto wadogo, watakuita shangazi. Mpaka huko, njoo kwangu kila asubuhi."

"Nitakuja," alisema Sumaiya, na furaha ikamrudia, sasa ikiwa imetulia zaidi.

"Basi tusingoje kesho." Sista Eunice, mwembamba mno wa mwili, alijilaza kwenye mkeka, akauchukua mkono wa Sumaiya na kuuweka chini ya mbavu zake za kulia. "Tia vidole ndani kidogo. Usisukume. Nikivuta pumzi, ngoja."

Akavuta pumzi. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka ndani kabisa, ukingo laini wa ini ulishuka taratibu, ukagusa vidole vya Sumaiya, ukapita. Alikuwa ameusoma kwa miaka, ameuchora, ameuota. Hakujua kwamba wenyewe ndio unaokujia. Machozi yalimtoka huku anacheka.

"Ukingo umekuja, mama. Umenigusa."

"Nimeona," alisema Sista Eunice. "Tena. Na usiwachekee wagonjwa hivyo, watadhani wanakufa."

Akavuta pumzi nyingine, na Sumaiya akatulia, akangoja.