Kiumbe Namba 41 Kisihamishwe

Jumatatu saa mbili asubuhi, Perpétue, mtunza rejista wa maabara ya migomba karibu na ziwa Lac Vert, alichukua rula, kalamu ya wino mweusi na fomu tatu, akaenda kwa miguu hadi kambi ya waliokimbia vita. Mama Kahambu, aliyefua makoti ya maabara kila Ijumaa, alikuwa ameota mizizi. Ilitoka kwenye visigino na kuzama katika nyufa za mawe ya volkano. Majani mawili yalikuwa yamefunguka begani.

"Inauma, mama?"

"Haiumi. Inawasha tu mvua ikinyesha."

Émile, fundi wa maabara, alikata kipande cha jani, akaenda kukipima. Adhuhuri jibu lilitoka. Mama Kahambu alikuwa na jeni ileile ambayo maabara ilikuwa imeipandikiza katika mgomba ili usinyauke. Labda ilipitia maji ya kufulia. Kanuni ilisema kiumbe chochote chenye jeni hiyo kiandikwe ndani ya saa arobaini na nane, kizungushiwe uzio, wala kisihamishwe bila sahihi tatu.

Mama Kahambu aliomba asomewe tena sehemu ya mwisho.

Amri ilikuwa imetoka kwamba kambi iwe tupu ifikapo Jumatano. Binti yake, Katungu, alikuwa amekwama Minova tangu njia ifungwe, na simu yake haikupita. Walipoagana, mama aliahidi kumngoja penye hema lao hapo kambini.

"Andika mbio," alisema. "Mutoto akikuta mawe matupu, atanitafuta wapi?"

Perpétue aliandika. Desturi ya maabara haikuruhusu kisanduku kitupu. Kisichohusika kilijazwa neno *néant*, yaani hakuna. Urefu: mita moja na sentimita hamsini na nane. Kisha akafika penye ladha ya tunda.

"Tia tamu," alisema Mama Kahambu.

"Mama, haujazaa tunda bado."

"Nilizaa. Iko Minova."

Perpétue aliandika *néant*. Kisanduku cha jina hakikuwepo. Alimpa namba 41.

Jumatano malori yalikuja. Mkuu wa msafara alisoma fomu mwanzo hadi mwisho, akaomba radhi kwa kusimama karibu na mizizi, akaamuru uzio usiguswe. Jirani, muzee Sikuli, aliyekuwa akihamishwa kwa mara ya nne, alimwonyesha kadi yake ya kambi. Mkuu hakuipokea.

"Mama Kahambu," Sikuli aliita kutoka juu ya lori, "ile mizizi inamea kwa siku ngapi?"

"Tatu, muzee."

"Haa! Ungetuambia Jumapili."

Kufikia saa kumi jioni palibaki mawe na uzio mmoja.

Katungu alifika kwa miguu siku ya kumi na tisa. Alimwona mama yake kutoka barabarani, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuona. Perpétue, aliyekuwa akipima majani, alimfungulia uzio.

"Umeota majani, mama."

"Na weye umekonda. Hawakukulisha kule?"

Katungu alitua mzigo wake, akasema angelala hapo. Perpétue alimweleza kwamba mgeni haruhusiwi kukaa zaidi ya dakika kumi na tano.

"Miye ni mutoto yake!"

"Najua, dada. Vua viatu nione."

Nyayo zilikuwa zimepasuka kwa safari, lakini hazikuwa na mzizi hata mmoja. Perpétue alizitazama kwa muda mrefu kuliko kanuni ilivyotaka. Kisha akafungua ukurasa wa wageni, akaandika saa ya kuingia na, palepale, saa ya kutoka. Mama na binti walishikana mikono hadi saa hiyo.

Ilipofika, Katungu alijitwika mzigo wake na kuuliza malori yaliwapeleka watu wapi.

Perpétue alifungua rejista, ingawa alijua. Hakuna mtu aliyekuwa amewaandika.