Besi ya Ngumbao

Jumamosi asubuhi Nyamvula aliingia dukani kwa Jafar, Bombolulu, akaitua mezani kompyuta yake kuukuu na kusema hataki kuiona tena. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na kila wimbo aliorekodi chumbani kwake Utange ulisagwa humo humo.

"Nikupe hii," alisema Jafar, akiwasha moja iliyometameta taa za kila rangi.

"Mie sifungui disko, bwanangu. Nataka kimya."

Jafar alipenda mteja anayejua anachotaka. Wakachagua pamoja: prosesa isiyokula umeme mwingi, maana isiyokula sana haipati joto sana, juu yake dude la alumini lenye mapezi, likae badala ya feni, diski isiyozunguka, pawa saplai nayo isiyo na feni. Kasha wakalitaka pana, hewa ipite yenyewe. Jafar akaongeza na ram, kumbukumbu ya mashine, kwa sababu Nyamvula hupanga sauti juu ya sauti bila huruma.

Alikuwa na wimbo mmoja uliovuma harusini, wa kumkaripia mumewe Ngumbao. Mwaka juzi Ngumbao alikwenda kazini kwenye timbo la mawe Mwakirunge asirudi, na Absalom, msimamizi wa timbo, akaeleza kwamba ametorokea Malindi na mwanamke mwingine. Watu wakacheka. Nyamvula aliumia vibaya, kisha akatunga wimbo, na wimbo ukatoka mtamu mno. Sasa alitaka kuurekodi upya.

Jioni akaiwasha mashine mpya. Haikutoa hata mkoromo. Akavaa hedifoni, akaimba kiitikio, na chini ya sauti yake ikasikika besi, ikiingia kabla ya zamu yake. Katika kwaya yote ya kanisa lao, mwenye kasoro hiyo alikuwa Ngumbao peke yake.

"Hodi," ikasema besi.

"Karibu," akajibu Nyamvula, kama ambavyo mtu yeyote angejibu.

Ngumbao akaingia, mweupe kwa vumbi la mawe toka utosini hadi kwenye raba.

"Umeingia mapema tena, Baba Cindy."

"Niwie radhi. Kule chini hatuna wa kutuhesabia." Akaketi mkekani. "Ukuta ulituangukia, mimi na mwenzangu Changawa. Nimekuita siku zote, lakini lile dude lako la kwanza lilikuwa na kelele, wallahi."

"Kwa hivyo hukutoroka."

"Malindi nina nani mie?"

Nyamvula akalia kidogo, akacheka sana. Hakuachwa. Furaha hiyo ilimjaa kifuani hata akashindwa kushika noti ya juu. Akabadilisha maneno: Ngumbao hakutoroka, yuko chini ya timbo. Wakarekodi mpaka chai ikapoa.

Kesho yake Absalom akaja, maana habari zilikwishaenea Utange nzima. Alimkuta Ngumbao akila mahamri.

"Habari za siku nyingi?"

"Njema. Tuko chini ya ukuta wa mashariki."

"Najua," alisema Absalom, akijichukulia mahamri mawili. "Lakini tajiri mwenye timbo alisema mmetoroka, na hajabadilisha kauli."

"Si mtuchimbue."

"Kuchimbua ni kusimamisha kazi, ndugu yangu."

Akaisifu besi jinsi ilivyotoka safi, akaomba aingiziwe wimbo kwenye simu. Nyamvula alitamani kumrushia birika. Akamwingizia, ausikie vizuri.

Wimbo mpya ukaupita wa kwanza. Kwenye harusi moja Mwakirunge wanawake walijifunga leso viunoni, Ngumbao akajipanga na wanakwaya, akaingia mapema, na hakuna aliyejali. Nyamvula alicheza mpaka viatu vikamshinda. Absalom aliyajua maneno yote. Mikono juu, akaimba kwa sauti kubwa kuliko waliohudhuria wote, kwamba Ngumbao hakutoroka, yuko chini ya timbo. Jumatatu akafungua lango, akawapanga vibarua wapya chini ya ukuta wa mashariki.