Mkanju na Msaipresi wa Mwalimu Beryl

Mwalimu Beryl Akoth alihamishiwa Mombasa kutoka Kitale mwaka wa 1993, akapewa kazi ya kufundisha sayansi katika shule moja ya msingi pale Tudor. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alifundisha kwa bidii, alisahihisha madaftari siku hiyo hiyo, na watoto walimwogopa kidogo kwa sababu hakupenda kubishiwa. Mji alikuwa bado hajauzoea. Joto lilimsumbua, salamu ndefu zilimchosha, na kila alipofungua mdomo dukani alijulikana mara moja kuwa ni mtu wa bara.

Kitu kimoja pale shuleni kilimfariji, nacho ni msaipresi uliokuwa karibu na mlingoti wa bendera. Haikujulikana ulipandwa na nani. Ulikuwa umepunguzwa vizuri, mpana chini na umechongoka juu, na mwaka mzima haukubadilika rangi. Kwao Kitale babake alizungusha boma zima kwa misaipresi, na Beryl alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akiikata kwa makasi makubwa kila Disemba. Wakati wa mapumziko alipenda kupita pale, akavunja kijitawi na kukisugua kwenye viganja apate ile harufu ya kwao.

Januari ya 1994 darasa la nane lilifikia somo la mimea inayotoa maua na isiyotoa. Beryl akaamua watoto walinganishe miti miwili. Mmoja ulikuwa hapo uwanjani. Wa pili alitaka uwe wa pwani, wasije wakasema sayansi ni mambo ya bara. Kitabu kilitaja mkanju, yaani mkorosho.

"Nani kwao kuna mkanju?" aliuliza.

Sidi akanyoosha mkono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mpole, wa pili darasani katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Babake, Ngowa, alifanya kazi Liwatoni kwenye bandari ya samaki na wakiishi pamoja mjini, lakini mamake alikuwa nyumbani Kaloleni akilima, na mwisho wa mwezi Sidi alikwenda kumwona.

"Basi ukienda uniletee tawi lenye maua, na kanju kadhaa na korosho zake. Ziwe mbichi."

Jumatatu Sidi akaja na kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na tawi lenye maua na kanju nyekundu na za manjano, kila moja ikining'iniza korosho yake kwa chini, na darasa lote likanukia. Beryl akagawa ubao mara mbili kwa chaki. Mkanju una majani mapana, msaipresi una majani madogo kama magamba. Mkanju hutoa maua, msaipresi hutoa koni. Mbegu ya mkanju imefungwa ndani ya ganda, mbegu ya msaipresi imekaa wazi juu ya gamba la koni. Mkanju hupandwa kwa chakula, msaipresi kwa pambo na ua.

"Mwalimu," akauliza Fahmi, kijana mcheshi wa Mji wa Kale aliyekaa dawati la mbele, "msaipresi ndio mvinje, ule mti wa ufuoni?"

"Hapana. Mvinje unakudanganya kwa majani yake, lakini una maua. Swali zuri."

Alifurahi. Lilikuwa somo lake bora tangu afike. Akachukua korosho moja, akaiinua juu. "Sasa tutapasua tuone mbegu ina sehemu ngapi. Kila kikundi kichukue moja."

Sidi akasimama. "Mwalimu, samahani. Korosho mbichi haipasuliwi hivi. Sisi huichoma kwanza. Ganda lake lina mafuta, yakikugusa yanababua."

Watoto wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Beryl alikuwa amekula korosho mara nyingi, zile za kukaangwa zinazouzwa kwenye vikaratasi, lakini ikiwa ndani ya ganda lake alikuwa hajaishika hata mara moja mpaka asubuhi ile. Hilo hakutaka lijulikane. Aliona macho yote yamehama kutoka kwake kwenda kwa Sidi.

"Sidi, hapa ni sayansi, si hadithi za nyanya zako. Nani anafundisha darasa hili?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Basi kaa chini."

Darasa likacheka. Sidi akakaa. Kisu kilikuwa kimoja tu, cha Beryl mwenyewe, naye alikuwa anakitumia. Akawaambia, "Asiye na kisu atumie jiwe, ama meno. Ganda lenyewe si gumu."

Fahmi akatumia meno.

Akaitema papo hapo, akajifuta mdomo kwa mkono, wenzake wakamcheka naye akacheka. Kengele ikalia. Jioni ile midomo ilimvimba. Asubuhi malengelenge yalikuwa yameenea mpaka kidevuni, na yalipopasuka ngozi ilitoka nayo. Wasichana wawili walibabuka vidole. Beryl naye alibabuka kidole gumba. Akakifunga plasta, na mwalimu mwenzake alipomwuliza akasema amejikata akimenya viazi.

Jumatano Bi Mwanaesha, nyanyake Fahmi aliyemlea tangu mdogo, aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Ngala, buibui lake likipepea nyuma yake. Beryl aliitwa akamkuta amesimama, amekataa kiti.

"Nimemleta kijana asome, amenirudia hana mdomo!" alisema. "Yuwalia usiku kucha, maji hayamezeki. Nani alowapa vijana sumu hii?"

Bwana Ngala akamgeukia Beryl. "Mwalimu, korosho zile zilitoka wapi?"

"Ni Sidi aliyezileta," akasema Beryl.

Hapakuwa na neno la uwongo katika jibu lile. Alilisikia likitoka kinywani mwake, akangoja mwenyewe aongeze mengine, kwamba ni yeye aliyeziagiza, kwamba alionywa, kwamba ni yeye aliyesema meno. Hakuongeza. Alificha kidole gumba ndani ya ngumi.

Sidi akaitwa.

"Wewe ndiye uliyeleta korosho mbichi shuleni?" akauliza Bwana Ngala.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulijua kwamba zinaunguza?"

"Nilijua."

Kisha Sidi akamtazama Beryl. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayejua kwamba sasa ni zamu yake kusema. Beryl akakodolea macho ratiba iliyobandikwa ukutani, akaisoma kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sidi alichapwa viboko vinne, akaambiwa aende nyumbani asirudi bila mzazi. Kesho yake Ngowa alikuja na nguo zake za kazi, akasikiliza alichoambiwa, akamwomba Bi Mwanaesha, aliyekuwa ameitwa pia, radhi kwa mikono miwili, na hakumwuliza binti yake lolote mbele ya watu. Wakaondoka pamoja. Wiki hiyo ikapita, na ile ya pili, na Sidi hakuonekana.

Kila asubuhi Beryl aliita majina. Akifika kwenye jina la Sidi alikuwa akishusha sauti, kisha akitia alama ya hayupo kwa kalamu nyekundu. Darasa lilikuwa na watoto thelathini na wanane, na wote walikuwapo siku ile. Walikuwa wanajua. Hawakuwa watovu wa adabu, hawakunong'ona, ila walipoulizwa swali walijibu kwa ufupi na kukaa. Usingizi ulimpaa. Siku moja akajikuta amesimama mbele ya msaipresi wakati wa mapumziko, akataka kuvunja kijitawi kama kawaida yake, akashindwa. Aliona aibu hata mbele ya mti.

Fahmi alirudi katikati ya Februari, Ramadhani imeshaandama. Ngozi mpya ya kidevuni ilikuwa nyeupe kuliko uso. Baada ya kipindi alibaki nyuma akipanga vitabu vyake polepole.

"Mwalimu, Sidi harudi?"

"Sijui, Fahmi."

"Yeye alituambia tusizipasue." Akatia vitabu mkobani. "Nilimwambia nyanya kuwa Sidi alitukataza. Nyanya akasema namtetea kwa kuwa ni rafiki yangu."

Alasiri ile ile Beryl aliteremka mpaka Mji wa Kale. Alimkuta Bi Mwanaesha uani akikuna nazi kwa ajili ya futari. Akakaribishwa, akapewa kibao akae, na kabla ya kuulizwa hali akasema yote. Alisema vibaya, kwa kurudia rudia, akionyesha kidole gumba ambacho kovu lake lilikuwa halijafutika.

Bi Mwanaesha aliacha kukuna. Akajifuta nazi mikononi.

"Basi mimi nimemwapiza kijana wa watu bure," akasema. "Nimeswali nikamwapiza. Na babake nimemwacha ameniinamia."

"Nisamehe, mama."

"Mimi ntakusamehe, huu ni mwezi wa kusamehe. Lakini mbona umekuja kwangu mwanzo? Kwangu ni karibu, eeh? Kwangu ni rahisi. Nenda kwa wenyewe."

Beryl aliona kwamba ameambiwa kweli. Kesho yake akaenda kwanza kwa Bwana Ngala. Yeye alimsikiliza mlango umefungwa, kisha akasugua macho.

"Mwalimu Beryl, mambo haya yamepoa. Yule mama ameridhika. Ukiyafukua, ofisi ya elimu itauliza maswali, na mimi ndiye niliyemchapa yule mtoto. Wataka tufike huko?"

"Nataka yaandikwe, bwana."

Aliyaandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi. Baadaye alipata barua ya onyo, na likizo ya Aprili akanyimwa uhamisho aliokuwa ameuomba kwenda Nakuru. Hakulalamika.

Liwatoni alikwenda Jumamosi. Ngowa alikuwa akipakia barafu kwenye makreti kwa sepetu, buti za mpira miguuni. Alimsalimu vizuri, akamwita mwalimu, lakini hakuacha kazi. Beryl akasimama kwenye maji ya barafu na viatu vyake vya shule, akasema kwa sauti ya kutosha kupita mashine. Wafanyakazi wawili wakasikia. Aliwaacha wasikie.

Alipomaliza, Ngowa akaegemeza sepetu ukutani.

"Yeye aliniambia," akasema. "Siku ile ile njiani. Mimi nikamwambia, mwalimu hawezi kufanya hivyo. Nikamwambia asiseme uwongo juu ya mwalimu."

Ngowa akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa yuko Kaloleni na mamake. Wanachoma korosho, msimu haujaisha. Ameniambia hataki tena shule." Akachukua sepetu, akairudisha. "Mimi sikusoma, mwalimu. Nilitaka yeye asome. Nitamrudisha, lakini si kwa ajili yako."

"Najua."

"Na utasema mbele ya wenzake. Kama alivyochekwa mbele yao."

Sidi alirudi muhula wa pili, mwezi wa Mei. Alikuwa ameingia rangi kwa jua, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa moshi na mafuta ya maganda. Beryl alisimama mbele ya darasa.

"Mwezi wa Januari Sidi aliwaambia jambo la kweli, mimi nikamnyamazisha," akasema. "Nikawaambia mtumie meno. Fahmi alipoumia, nikaacha Sidi apigwe kwa kosa langu. Mimi sikuujua mkanju. Yeye aliujua. Sidi, nakuomba msamaha."

Hakuna aliyecheka. Sidi alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Nikae wapi, mwalimu?" akauliza.

Dawati lake lilikuwa limepewa mwingine. Fahmi akasogea, akampisha nafasi.

Mwaka ule wote Sidi alifanya kazi aliyopewa, akaileta kwa wakati, na akiulizwa alijibu sawasawa. Mkono hakuunyoosha tena hata siku moja. Beryl alimbakisha baada ya masomo ili amfidie muhula uliopotea, naye alibaki, akasikiliza, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mtihani wa mwisho alifaulu, lakini si kama ilivyotarajiwa. Shule ya sekondari aliyoitaka haikumwita. Akaitwa nyingine ya kawaida, karibu na kwao.

Alikuja kuchukua cheti chake mapema mwaka wa 1995. Beryl alikuwa ofisini peke yake, akamtolea kutoka kwenye bahasha, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

"Hongera, Sidi."

"Ahsante, mwalimu."

"Sayansi umepata alama nzuri sana."

"Ndiyo," akasema Sidi. Akakunja cheti mara moja tu, akakitia ndani ya daftari kisikunjike zaidi. Beryl alitaka kumwuliza kama amemsamehe, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akajizuia. Aliona kwamba akiuliza, mtoto yule mwenye adabu atalazimika kujibu ndiyo.

Akamfungulia mlango, akamwacha aende.