Wifi Aliyejifunika Shuka

Fundi friji yule hakuwa na dogo akishika makombora. Mchana kutwa alikuwa mtu mwema: alipiga magoti nyuma ya friji za watu, akapima gesi, akaziba matundu, akawasihi wateja waache kuingiza masufuria yenye moto. Lakini jioni akishapanda zile ngazi za chuma kwenda ukumbi wa gemu, juu ya duka la vipuri, na kuvaa hedfoni, mdomo wake ulikosa breki. Wenzake walimwita Nahodha kwa sababu timu ilikuwa yake, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumwita kitu kingine.

Mchezo wao ulikuwa wa majitu ya chuma, watatu kwa watatu. Kila mchezaji huendesha jitu lake kwenye uwanja wa mabonde na maghala yaliyobomoka, na upande utakaobaki na jitu lililosimama ndio mshindi. Timu ya Nahodha ilikuwa ya kifamilia: yeye, kaka yake mchora mabango, na kinyozi wa jirani ambaye alikuwa ameitwa ndugu mpaka akasahau kwamba si ndugu.

Nahodha na kaka yake walizaliwa wawili tu, wa kike na wa kiume, na walikuwa wakicheza pamoja tangu enzi za kugombania kitufe kimoja. Kisha kaka akaoa, mke akajifungua pacha, na Nahodha akaanza kumwona kaka yake kwa kubahatisha. Ni ukumbini tu alipokuwa bado wake. Na huko nako kaka alikuwa ameshaweka mpaka.

"Mdogo wangu," alimwambia, "msimu huu tukipanda daraja, nacheza mmoja tena. Tusipopanda, naacha. Nina watoto."

Nahodha alijibu sawa, kama mtu aliyeambiwa kesho kutakuwa na mawingu. Akaenda nyumbani akalia jikoni kwake, huku akijitukana kwa kulilia gemu. Ila hakuwa akililia gemu, na alilijua hilo vizuri.

Mechi ya kupanda daraja iliwakutanisha na timu ya daktari wa meno, ambaye wote walimwita Meno. Kliniki alikuwa mpole hata watoto walimpenda. Kwenye gemu alikuwa balaa. Alijichimbia juu ya kilima, rada yake ikakunasa, king'ora kikalia masikioni mwako, na ulipokuja kujua ni nini, makombora yalishageuza kona ya pili yakikufuata. Misimu yote iliyopita ni yeye aliyewatoa.

Siku chache kabla ya mechi, kaka alianguka kwenye ngazi akichora bango la duka la viatu. Mkono ukavunjika.

"Kiti changu kitakaliwa na wifi yako," alisema, plasta ikiwa bado mbichi.

"Wifi? Yule asiyeongea?"

"Huyo huyo. Amekuwa akichezea jitu langu nyumbani."

Wifi huyo hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi Nahodha zaidi, kwa kuwa alikosa pa kumshikia. Tangu harusi walikuwa wakisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto, basi. Kinyozi alimbatiza jina la Kimya siku ya kwanza ya mazoezi, na hata hilo alilipokea bila neno.

Kilichomtia Nahodha kichaa ni kifaa alichokichagua: shuka. Hivyo ndivyo wachezaji walivyokiita. Ukijifunika shuka, jitu lako linapotea kwenye rada, na kombora la kufuata shabaha linakukosa, linazunguka angani kama limesahau lilichotumwa. Lakini joto la mitambo nalo linafungiwa humo humo, na kipimajoto kikifika nyekundu jitu linazimika, linabaki limesimama kama kabati. Tena hata wenzako hawakuoni kwenye ramani. Nahodha aliliona hilo ni vazi la waoga. Na kwa kuwa timu yake ilikuwa na sheria moja kuu, kila mtu aseme alipo muda wote, mtu asiyeonekana na asiyesema alikuwa tusi juu ya tusi.

"Wifi, sema ulipo," alikuwa akifoka kwenye mazoezi.

"Nipo," alijibu Kimya, na hapo ndipo taarifa yake ilipoishia.

Siku ya mechi kaka alikaa kwenye benchi nyuma yao, pacha mmoja amemlaza kwenye mkono mzima, wa pili kwenye kibebeo karibu na miguu yake. Kinyozi aliingia uwanjani kwa fujo kama kawaida yake, akaangusha jitu moja la wapinzani, na lake likaangushwa papo hapo. Nahodha akalimaliza la pili. Lakini katika purukushani hiyo mguu wa jitu lake ukavunjika, akabaki ameegemea ukuta wa ghala, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Akawa amebaki Meno, juu ya kilima, nyuma ya mwamba, salama salimini, akiunyeshea ukuta ule makombora, na ukuta ukipungua tofali baada ya tofali.

Nahodha naye alikuwa na makombora. Alichokosa ni mtu wa kummulikia adui, maana kombora haliwezi kufuata shabaha iliyojificha nyuma ya mwamba mpaka mwenzako aliye karibu aielekezee taa yake. Na aliyevaa shuka hawezi kumulika. Lazima ajifunue kwanza, mbele ya mitambo ya adui.

"Wifi, upo wapi?"

Kwenye ramani hakukuwa na nukta yake.

"Sema ulipo. Wifi! Amekimbia huyu, jamani. Au ameshalipika jitu la mume wake humo ndani. Wifi, nakuuliza..."

"Wifi," ilisema sauti ya chini masikioni mwake, "naomba unyamaze kidogo. Namsikiliza anavyojaza."

Kinyozi aliacha kutafuna bigijii. Nahodha alihisi masikio yakiwaka moto. Jibu alikuwa nalo, refu, lenye matawi. Lakini ukuta ulikuwa umebaki nusu, na nyuma ya kiti chake kaka yake alikuwa amekaa na msimu wake wa mwisho mapajani. Akafyata ulimi.

Aliponyamaza, akasikia. Mbali juu ya kilima mtambo wa Meno ulitoa kishindo, halafu milio midogo ya makombora mapya yakiingia kwenye mirija: tik, tik, tik. Na hapo kwenye ramani ikawaka nukta ya kijani, bondeni, karibu na kilima kuliko alivyodhani. Ikakaa kimya mahali pamoja wakati mtambo ukijazwa. Kabla ya mlio wa mwisho, ikazimika.

Meno akapiga tena ukuta. Akaanza kujaza. Nukta ikawaka tena, sasa kwenye mteremko.

Ndipo Nahodha alipoelewa. Wifi yake alikuwa akijifunua pale tu Meno alipokuwa akijaza, hana kombora mkononi na rada yake imelala, ili joto litoke, na kujifunika kabla mirija haijajaa. Miaka yote Nahodha alikuwa anasikia mlio ule ule, na kila alipousikia alitoka mbio kupiga risasi huku akipiga kelele. Alikuwa ameona wachezaji wenye kasi, na wenye nguvu, na wenye bahati. Mtu anayemsoma adui kwa masikio namna ile, akampandia mlima mzima bila kuguswa, hakuwahi kumwona. Ilimjia raha ya ajabu, ile anayoipata akisikia friji aliyoikatia tamaa ikianza kunguruma.

"Nyumbani huwa anacheza pacha wakiwa wamelala," kaka alimnong'oneza mgongoni. "Hedfoni hataki, asije akakosa kuwasikia wakilia. Na kombora likilipuka kwenye spika wanaamka. Kwa hiyo kajifundisha yasilipuke."

Nukta iliwaka mara ya mwisho, juu kabisa ya kilima, hatua chache nyuma ya mgongo wa Meno.

"Nimemmulika, wifi. Piga."

Nahodha alipiga yote aliyokuwa nayo. Makombora yalipanda juu ya ghala, yakapinda kuelekea kilimani, na Meno akageuka. Safari hii mirija yake ilikuwa imejaa. Kimya angeweza kujifunika na kupona, lakini angejifunika taa ingezimika, na makombora ya Nahodha yangepotea njia. Hakujifunika. Alisimama pale pale, amemshikia taa, king'ora kikimlilia masikioni, mpaka moshi ulipowafunika wote wawili.

Moshi ulipotulia, jitu lililosimama lilikuwa moja, limeegemea kipande cha ukuta, mguu umevunjika.

Meno alivua hedfoni upande wa pili wa ukumbi. "Huyo mwenzenu alikuwa wapi muda wote?"

"Hata sisi tulikuwa tunajiuliza, daktari," alijibu kinyozi.

Nahodha alimkuta wifi yake penye mlango wa ngazi, anapunga upepo kwa kiganja.

"Wifi, kaka alikwambia? Kwamba tukishindwa anaacha gemu, anabaki nyumbani nanyi?"

"Aliniambia."

"Basi ungetuacha tu tushindwe."

Kimya aliinamisha macho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Nilidhamiria, wifi. Sikufichi. Nilikuja nikiwa nimepanga kucheza vibaya. Lakini nilipoanza kumsikiliza yule, nilisahau. Nilisahau mume, nikasahau watoto, nikasahau kila kitu. Nilitaka kufika tu."

Tangu utotoni Nahodha alikuwa akijaribu kumweleza mtu hicho hicho, na hata kaka yake, kwa upendo wake wote, hakuwahi kukielewa sawasawa. Alimshika wifi yake bega, akalibana, akarudi ndani.

Kaka alikuwa bado kwenye benchi, uso umechangamka. "Tumepanda, mdogo wangu. Nilikuahidi msimu mmoja tena. Mkono ukipona tu, kiti changu..."

"Kaka." Alikaa kando yake. Maneno yalimuuma kabla hajayatoa. "Kiti si chako tena. Ni cha mkeo."

Kaka alimtazama, akamtazama mkewe mlangoni, akawatazama pacha.

"Nilisema nitaacha tukishindwa," alisema polepole. "Hukuniambia nitaachishwa tukishinda."

Nahodha aliangua kicheko, na machozi yakamtoka humo humo, wala hakujua lipi lilianza. Kaka naye akacheka, kisha akampakatisha mtoto mmoja. Mtoto alikuwa mzito kuliko Nahodha alivyodhani.

"Mshike kichwa," kaka alisema. "Hivyo. Keshokutwa mkienda mazoezini, mimi ndiye nitakayekuwa nao. Usiache kupita nyumbani ukitoka."

"Nitapita," alisema Nahodha.