Kifo cha Ndugu wa Tatu wa Bwana wa Aldercote

Bwana Ralph wa Aldercote alizaliwa siku ya Jumatano, mwaka 2007, katika bweni moja la shule karibu na Märsta, nchini Uswidi. Mzazi wake alikuwa Heshima, miaka kumi na sita, kalala kifudifudi na peremende mdomoni. Mwalimu wa historia alitaka kila mwanafunzi aandike maisha na ukoo wa kabaila mmoja wa Uingereza ya zama za kati. Wenzake walikwenda maktaba. Heshima aliona ni kazi ndogo zaidi kujitungia wake.

Ngome alimjengea mwenyewe. Ukoo aliuazima nyumbani. Babu yake, aliyegombana na jirani kwa ajili ya ng'ombe, akawa babu aliyegombana na askofu. Baba yake mdogo Vénant, aliyepotea vitani Kongo mwaka 1998, akawa Walter, ndugu wa tatu wa Bwana Ralph, mpiga filimbi mwenye jino lililokatika kama yeye, "hajulikani aliko".

Hivyo ndivyo walivyosema nyumbani pia. Kwao, mtu asiyewekewa matanga hatajwi kuwa amekufa. Kwa miaka tisa Vénant alikuwa safarini, na mama yake Heshima, Mama Séraphine, alimwombea safari njema kila walipokaa kula.

Mwalimu alirudisha kazi na wino mwekundu: kila jina katika ukoo liwe na mwaka wa kufa. Heshima akamzamisha Walter mtoni, mwaka 1349, akapata alama ya juu kabisa.

Jumamosi alirudi nyumbani Rinkeby na alama yake. Baba yake, Papa Édouard, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha vyoo vya uwanja wa ndege, alimwonyesha karatasi Mzee Firmin wa kanisani, aliyekuja kunywa chai.

"Soma, mama," Papa alimwambia binti yake. "Kwa Kiswahili. Mzee asikie masomo."

Heshima akasimama, akakohoa kama katibu wa kanisa anayesoma matangazo, akaanza. Walimcheka askofu. Alipofika kwenye filimbi hawakucheka. Kwenye jino, Mama Séraphine aliweka birika chini.

"...naye Walter, akikimbia maadui, alizama mtoni, wala maiti yake haikuonekana."



"Nani alikuambia ni mto?" Papa aliuliza.

"Hakuna, Papa. Nilitunga. Ni Mwingereza."

"Nani alikuambia ni mto?"

"Jag hittade på!" alisema kwa Kiswidi, kisha tena kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: "Nilitunga tu."

Papa alitazama mikono yake. "Mimi niliambiwa kambini, kwenye kambi ya wakimbizi," alisema. "Mtu aliyekuwa naye alinieleza habari ya mto. Mwaka wa pili baada ya sisi kutoka nyumbani."

Mama Séraphine alimgeukia polepole. "Édouard. Na mimi ninaomba kila siku?"



"Papa Heshima," Mzee Firmin alisema, akivua kofia, "mtoto wa ukoo amelitamka neno la kifo, tena mbele ya mgeni. Haliwezi kurudi."

Papa aliinuka, akashika sofa upande mmoja. Mzee Firmin alishika upande wa pili. Waliitoa hadi kwenye korido, halafu meza, halafu viti, sebule ikabaki wazi kwa matanga. Mama Séraphine alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika kitenge kichwani. Kilio hakikutoka mara moja.

"Nani atawaambia watu?" Heshima aliuliza.

"Aliyelisema ndiye analipeleka," alisema Mzee Firmin.

Papa akampa simu. Wa kwanza alikuwa shangazi yake Gaëlle, dada wa Vénant, aliyekaa Vällingby. Mwaka huo huo Heshima alikuwa amekwisha kumpigia akijifanya polisi, na mara nyingine akijifanya daktari wa mifugo.

"Tante, ni mimi. Baba mdogo Vénant amekufa."

Gaëlle aliangua kicheko. "Wewe mtoto! Leo umekuwa nani? Mchungaji?"

Heshima alitafuta sauti nyingine kooni. Zote alikuwa ameshazitumia.

"Tante," alisema, "usicheke." Akalisema tena.