Bakuli la Marlys Haugen

Ilikuwa mwaka wa 2011, msimu wa mapukutiko, juma lile la Oktoba ambalo wafanyakazi wa kiwanda cha madirisha cha Kjelstad, katika mji mdogo wa Brenholt, Minnesota, huandikishwa upya katika bima ya afya. Waliitwa katika chumba cha kulia, wakapewa kahawa na donati, kisha Marlys Haugen, karani wa kiwanda, akawagawia ilani ya faragha ya matibabu yenye kurasa sita.

"Someni kabla ya kutia sahihi," alisema, kama alivyosema miaka yote.

"Wewe mwenyewe umeisoma?" aliuliza Orville, msimamizi wa chumba cha misumeno, huku mdomo umejaa.

"Nimeisoma, mzee. Nawe ukiacha kula utapata nafasi ya kusoma."

"Mimi nastaafu Krismasi. Afya yangu sasa ni kazi ya mke wangu."

Watu wakacheka. Lorna Tveit naye alicheka, akatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza mbele ya misumeno ile. Orville akiondoka, yeye ndiye angeshika nafasi yake. Durwood Kjelstad, mwenye kiwanda, alikuwa amempa mkono juu ya jambo hilo tangu Julai. Lorna alitaka kitu kimoja tu: afike Krismasi bila mtu yeyote kujua alichoambiwa na daktari mwezi wa Agosti.

Aliambiwa kwamba ganzi ya mguu wake wa kushoto ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kwamba hauponi, ila sindano zinaweza kuuzuia kwa miaka mingi. Mikono yake ilikuwa mizima. Macho yake yalikuwa mazima. Hakumwambia kaka yake, hakumwambia mchungaji, na dawa aliletewa kwa posta katika boksi lisilo na maandishi. Waliojua ni yeye, daktari, na watu wa bima.

Jumamosi ya juma lililofuata alirudi kutoka dukani akakuta bakuli la kioo barazani, limefunikwa kwa karatasi ya alumini, bado lina joto. Alijua kilichomo kabla hajalifunua: nyama ya kusaga, maharagwe mabichi, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake vijipande vya viazi vilivyookwa hadi vikawa vya kahawia. Chini ya bakuli, juu ya utepe wa gundi, paliandikwa M. HAUGEN. Kikaratasi kilisema: "Tunakuombea. Usiwe na haraka ya kulirudisha."

Lorna alisimama na funguo mkononi. Pale Brenholt, chakula cha namna ile hakiwekwi barazani kwa mtu ila kwa mambo matatu: pana aliyekufa, pana aliyezaliwa, au pana mgonjwa. Kwake hakufa mtu. Na kuzaa, hilo lilikuwa limempita zamani.

Angeweza kukimwaga. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo kumwaga chakula kulihesabiwa kuwa dhambi, kwa hiyo alikila siku mbili mfululizo, peke yake, mpaka bakuli likabaki tupu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kilikuwa kitamu.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Marlys, akafunga mlango.

"Nani kakwambia naumwa?"

"Hakuna aliyeniambia, shoga. Hebu kaa kwanza."

"Sikai. Nani?"

Marlys alivua miwani. Walikuwa wameimba katika kwaya moja ya Kilutheri kwa miaka kumi na mitano, bega kwa bega.

"Unajua kiwanda kinalipa matibabu yetu chenyewe, ile kampuni ya bima inatushikia makaratasi tu. Basi kila mwezi wanatuletea orodha ya gharama. Haina majina, Lorna, naapa! Sheria hairuhusu."

"Ina nini?"

"Jinsia. Umri. Dawa."

"Mwanamke, miaka hamsini na minne."

"Ndiyo."

"Humu kiwandani tuko wanawake wangapi, Marlys?"

Marlys aliitazama meza. "Wanne."

"Wawili ni wasichana. Wa tatu ni wewe."

"Nilihuzunika, mwenzangu. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, hata kula sili. Nikasema, walau nikupikie."

"Durwood anajua?"

Nje ya dirisha gari la mizigo lilikuwa likirudi nyuma, likipiga mlio wake. Marlys aliinuka akalifunga dirisha.

"Aliniuliza dawa ya dola elfu nne kwa mwezi ni ya nani. Sikulitaja jina lako."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Alilitaja yeye. Mimi nilinyamaza tu."

"Umenipikia chakula kizuri," Lorna alisema, akafungua mlango.

Jumatano Durwood alimwita. Alikuwa amevua kofia, jambo ambalo hakulifanya ila msibani.

"Lorna, unajua ninavyokuheshimu. Lakini misumeno ile haina huruma. Usimamizi nimempa Rodney. Wewe nitakuweka kwenye meza ya kufungia mizigo, ukae kitini, mshahara uleule."

"Rodney nimemfundisha mimi kushika ubao."

"Umemfundisha vizuri mno, ndiyo maana."

"Mkono wangu umewahi kutetemeka, bosi?"

"Bado."

Lorna aliirudia kimoyomoyo *bado* ile. "Nani kakwambia utatetemeka?"

"Mji mdogo huu, Lorna. Watu wanakupenda."

Jumamosi aliketi mezani jikoni, bakuli lililooshwa likiwa mbele yake, akaisoma ilani ya faragha kurasa zote sita, kalamu mkononi. Ukurasa wa nne ulisema wazi kwamba mwajiri haruhusiwi kuzitumia habari za matibabu kuamua jambo lolote la kazi ya mtu. Ukurasa wa sita ulisema kwamba aliyedhulumiwa anaweza kushtaki serikalini katika muda wa siku mia moja na themanini, au kwanza kwa mlinzi wa faragha wa kiwanda. Jina la mlinzi huyo lilikuwa limepigwa chapa: Marlys Haugen, chumba namba mbili.

Alicheka peke yake, kicheko kikavu. Kisha aliiandikia serikali barua, akaweka kila tarehe mahali pake na kila neno kama lilivyosemwa, pamoja na *bado* ya Durwood. Hakujidanganya kwamba barua ingemrudishia misumeno. Aliinakili yote kwa mkono mara ya pili, akaenda posta kabla haijafungwa.

Kesho yake, baada ya ibada, wanawake walikuwa wakinywa kahawa katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Lorna aliingia na bakuli limefunikwa kwa karatasi mpya ya alumini. Marlys alipomwona uso wake ulinawiri, maana bakuli la chakula halirudishwi tupu pale, na anayelirudisha na biskuti ndani yake amekwisha kusamehe.

"Lo, Lorna! Umetuletea nini?" mmoja aliuliza, akisogeza kisahani.

"Ni cha Marlys peke yake."

"Nilikwambia usijisumbue, mwenzangu," Marlys alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nilikula chakula chako chote. Lazima nilipe."

Marlys aliinua pembe ya karatasi ile. Ndani mlikuwa na ilani ya faragha, imefunguliwa ukurasa wa sita, jina lake limepigiwa mstari; na juu yake nakala ya barua, imekunjwa vizuri.

"Ile yenyewe niliipeleka posta jana," Lorna alisema, akamwekea bakuli mikononi.