Mwimbaji wa Saa ya Chai

Shangazi aliunguza shati la karani wa benki mchana kweupe, akiwa amesimama wima na pasi mkononi. Hakuna aliyemwita, wala hakugeuka kuzungumza na mteja. Alikuwa anasikiliza redio tu. Pasi ilikwenda taratibu, ikarudi taratibu, halafu ikatulia mgongoni mwa shati kama imefika kwao, mpaka harufu ikamfikia binti wa kaka yake aliyekuwa nyuma kwenye mabeseni.

"Shangazi, shati."

"Nimeliona," alisema shangazi, naye alikuwa hajaliona.

Binti huyo wateja walimpa jina la Darubini. Hakuwa na maneno mengi, lakini kitu hakikumpita. Ndiye aliyekagua nguo kabla ya kuloweka, maana pale kwa dobi hiyo ilikuwa sheria: kila nguo inageuzwa kwenye mwanga wa mlango, kola kwanza, kisha kwapa, kisha mifuko. Anayeikagua anajua mwenye nguo alikula nini na aliegemea wapi. Na kulikuwa na makoti meupe ya mtu mmoja ambayo Darubini hakuyapenda hata kidogo.

Mwenye makoti alikuwa mwimbaji. Kila Jumamosi, saa ya chai, aliimba katika ukumbi wa hoteli kubwa, yeye na gitaa, piano, besi, na ngoma inayopigwa kwa brashi badala ya fimbo. Ilikuwa jazi ya mapenzi, ile yenye mwendo wa Amerika ya Kilatini, maneno yake Kihispania na Kireno. Alimletea shangazi nyimbo zake kwenye flashi, akaichomeka mwenyewe kwenye redio. Tangu hapo dukani hapakusikika tena taarifa ya habari wala matangazo ya vifo. Alisikika yeye tu, akinong'ona tangu asubuhi.

Kunong'ona huko ndiko kulikomtia Darubini wasiwasi. Nyimbo za mapenzi alizozizoea ziliimbwa kwa kupaza sauti, majirani wasikie. Huyu aliimba kama ameweka mdomo sikioni mwako, na kama chumba cha pili kuna mtu asiyetakiwa kuamka. Mtu anayenong'ona mbele ya ukumbi mzima, alijiuliza, anamficha nani?

Halafu kulikuwa na poda. Kila koti, ndani ya kola, poda ya kahawia, ya kike.

"Shangazi, tazama. Kuna shavu la mtu lililolala hapa."

Shangazi aliitazama kola, akaikunja. Baadaye, akimimina maji kwenye pasi, alisema, "Ameniposa. Jumapili anakuja kuchukua jibu."

Darubini aliketi juu ya beseni lililofunikwa. Shangazi alikuwa mjane. Duka lilikuwa lake, nyumba ya nyuma yake, na mtaani hakuna aliyewahi kumtaja vibaya. Mtu akiingia pale na mdomo mtamu angeweza kuvibeba vyote, kimoja kimoja, huku akiimba.

"Na wewe moyo wako unasemaje?"

"Moyo wangu usiuulize, umeshahama. Nikimsikia yule mtu, akili inaniaga. Ndiyo maana nakutuma wewe. Jumamosi nenda hotelini, kaa, mwangalie anamwimbia nani. Utakaloniambia ndilo nitakalomjibu."

"Mimi?"

"Wewe, mwanangu. Wewe ni jiwe. Hata ulipokuwa mchanga hukubembelezeka."

Jumamosi Darubini alivaa gauni lake la heshima, akaenda hotelini, akaagiza soda moja na kuinywa kwa kuionea huruma. Alichagua kiti karibu na mlango wa wahudumu, ulioachwa wazi kidogo, na alichokiona kwanza kilimvunja nguvu. Mwimbaji alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo, kitambaa shingoni, anajipaka poda mwenyewe, paji la uso, pua, mashavu, kama fundi anayepiga lipu.

"Ni zile taa," mhudumu alimwambia, akiona anashangaa. "Asipojipaka anang'aa kama sufuria."

Kwa hiyo shavu lililolala kwenye kola lilikuwa lake mwenyewe. Darubini alikasirika kidogo, kama mtu aliyevizia mwizi akakuta paka. Lakini poda ni poda, alijiambia. Nimetumwa kuangalia macho.

Kisha wimbo ukaanza, na redio ilikuwa haijasema hata nusu yake. Brashi zilisugua ngoma kama mtu anayefagia chumba kisicho na vumbi. Gitaa likatangulia, na sauti ikaja nyuma yake, imechelewa kidogo, haina haraka, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado ameshika mlango. Darubini hakuelewa hata neno moja. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana penye neno asilolielewa alijikuta anaweka lake, na aliyoyaweka ni maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mwimbaji aligeuza uso, akamtazama yeye, yeye hasa, akabaki hapo mpaka mstari ukaisha. Soda ikapata moto mkononi.

Makofi ndiyo yaliyomzindua. Alitumwa kuangalia, na wimbo mzima hakuwa ameangalia kitu.

Wimbo wa pili alijikaza, akampa mwimbaji kisogo na kuwatazama watu. Mama mmoja alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi wala hakitui. Dereva aliyekuja kumchukua bosi wake alisimama mlangoni, kofia kifuani. Kila uso ulikuwa na siri, kila mmoja aliamini ni yeye anayetazamwa.

Nimekukamata, Darubini alisema moyoni. Mtu mmoja, uchumba na ukumbi mzima.

Mapumziko yalipofika alimfuata kule kwenye kioo.

"Shikamoo. Ni mimi, wa kwa dobi."

"Marahaba, Darubini. Sauti yako naijua." Alikuwa anapapasa meza akitafuta kitu.

"Ulikuwa unamtazama nani?"

"Wapi?"

"Kule ukumbini. Kila mtu umemtazama."

Mwimbaji akacheka kidogo. Mkono wake ukakipata kilichotafutwa, akavaa miwani nzito kama vitako vya chupa. "Mwanangu, nikiivua hii sioni hata meza ya kwanza. Naona weupe wa vitambaa, basi. Mwenye hoteli haitaki jukwaani. Anasema nikiivaa nafanana na mwalimu wa hesabu."

Darubini aliyapima hayo. Kisha wazo jingine likamjia, likamtia baridi.

"Dukani kwetu hujawahi kuja na miwani."

Mwimbaji akaisukuma miwani juu ya pua.

"Basi shangazi yangu hujamwona."

"Nimemsikia," alisema. "Pasi yake inachelewa kidogo nyuma ya wimbo. Kuna wapiga ngoma wanaitafuta hiyo maisha yao yote."

Lilikuwa jambo zuri. Ila alilisema kwa sauti ile ile ya kwenye maikrofoni, na Darubini hakuweza kujua kama ni kweli au ni wimbo wa tatu.

Shangazi alimsubiri redio ikiwa imezimwa. "Haya, sema."

"Poda ni yake mwenyewe. Mwanamke sikumwona."

"Na?"

"Na mimi si jiwe, shangazi. Alinipata wimbo wa kwanza tu. Siwezi kukuambia kubali, wala kataa. Lakini yule haoni, na wewe hajawahi kukuona. Aje kesho na miwani, redio ikiwa kimya, akutazame."

Shangazi alivuta kitambaa cha kichwa mbele, kikafunika mvi. "Na asipopenda anachokiona?"

"Bora alijue kabla hajahamisha sanduku lake."

Jumapili mwimbaji alikuja kama alivyoagizwa, na shati la kawaida, miwani usoni. Darubini alifungua mlango wote na madirisha yote. Shangazi alisimama nyuma ya meza ya pasi, mikono yake haina pa kukaa.

Mwimbaji alimtazama muda mrefu.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema. Sauti ilitoka kavu, imekwaruza, sauti ya mtu yeyote kwenye foleni.

"Na mimi nilikuwa nakusikia tu hata ulipokuwa mbele yangu, nikadhani wewe ni kijana," shangazi alisema. "Kwenye redio una miaka thelathini."

"Kwenye redio nina nywele pia."

Jasho lilimteremka. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha usoni upesi, kama anaogopa kupitwa na kitu. Darubini aliliona hilo, na katika yote aliyoyaona kwa mtu huyu, hilo la upesi ndilo la kwanza kumpendeza.

"Haya," alisema shangazi. "Jibu langu ni ndiyo. Lakini usiniimbie kwanza, mpaka nikuzoee uso."

"Mpaka lini?"

"Muulize huyo."

Wote wawili wakamgeukia Darubini. Alivuta kigoda, akakiweka mahali ambapo angemwona mwimbaji bila kugeuza shingo, akaketi.

"Ongea kawaida kwanza," alisema. "Tukusikie."